Salamu Isiyokaa Kwenye Picha

Habari za msiba wa Mzee Athumani, aliyenipa kazi ya kupiga picha, zilinikuta Kibondo, na nilipofika Kasulu kesho yake alikuwa ameshazikwa. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia chumba cha wanawake na kukaa mkekani karibu na mjane wake, Bi Zuhura. Alinishika mkono, na hakuuachia mpaka sinia la pilau lilipoletwa. Chumba kile nilikijua vizuri. Zamani kilikuwa studio, kabla Mzee hajajenga fremu ya barabarani, na ukutani bado palionekana matundu ya misumari tuliyotundikia pazia la bluu la picha za paspoti. Wanawake waliokuwa wameegemea ukuta ule walikuwa wakisimuliana kwa sauti ya chini ugonjwa ulivyoanza, nani alimpa uji wa mwisho, na jinsi alivyokataa kupelekwa Kigoma hospitali akisema safari itamchosha bure. Nilikula kidogo. Dirishani nilisikia wanaume nje wakisalimiana, mmoja mmoja, kwa urefu, kama watu wanavyosalimiana msibani.

Baada ya chakula, Idrisa aliniita uani. Idrisa ni mwanawe mkubwa, ndiye anayeendesha studio sasa. Aliniomba radhi kwa kuleta habari za kazi siku kama ile, kisha akaniambia kuna mtu wa Mwanza anamuuzia kamera inayochukua video safi kuliko aliyonayo, na anataka jibu upesi. Aliyonayo haina tatizo. Ila maharusi wa siku hizi wanaonyeshana video kwenye simu na kulinganisha. Alitaka kumuuliza baba yake, lakini ugonjwa ulikuwa umeshamkata kauli. Kabla ya hapo, akasema, Mzee aliwahi kumwambia kwamba swali la namna hiyo likija aniulize mimi, kwa sababu ndimi niliyemshinda katika jambo hilo. Nilimwambia nitampigia simu baada ya msiba. Sikumbuki kumshinda Mzee Athumani katika jambo lolote. Ninachokumbuka ni mwaka mmoja, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, aliponiuliza swali ambalo jibu lake lilitoka kwa wanawake wawili waliozaliwa Nyabibuye.

Mwaka huo kambi ya Nduta ilifunguliwa upya. Warundi walikuwa wanavuka mpaka tena, na mji wa Kibondo, ambao nilizoea kuuona umetulia, ukajaa magari meupe, wageni wa mashirika, madereva na wapishi waliotafuta vyumba vya kupanga. Mzee Athumani aliona biashara hiyo kutoka Kasulu. Akanipa kamera yake, ile ya picha za mnato ambayo ilikuwa imechubuka pembeni mpaka chuma kinaonekana, akanituma nikafungue chumba cha picha karibu na soko la Kibondo. Alinionyesha jinsi ya kuifuta kwa kitambaa cha pamba, akanionya nisiiache juani wala nisimwazime mtu. Kamera ile haikujua video. Ilijua picha, na picha ilizijua kweli. Nilipiga nayo paspoti, vipaimara, maharusi wa mabomani, na maiti, kwa maana kwetu watu walitaka picha ya mwisho ya ndugu kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.

Nilipanga kwa Mama Editha, mjane wa makamo ambaye binti yake, Editha, alikuwa ameolewa Kahama. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja dogo lililotazama migomba, na siku zote kilinuka muhogo uliolowekwa, kwa sababu pipa la muhogo lilikaa nje ya ukuta wangu. Mama Editha hakunichukulia kama mpangaji. Jioni ya kwanza aliita jina langu, Leokadia, kwa lafudhi ya Kiha inayovuta mwisho wa neno, akaniambia hapikiwi mtu mmoja katika nyumba yake. Tangu hapo tulikula pamoja jikoni kwake, ugali wa muhogo, dagaa na mgagani uliochemshwa kwa maziwa, tukikalia vigoda. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwangu. Lakini majirani walipokuja kuomba moto au chumvi, maneno yalifunguka, na mimi nikajifunza mji kwa kuyasikiliza yale yasiyonihusu. Walihesabiana watu waliovuka. Fulani ameonekana Nduta na wajukuu. Fulani amefika peke yake. Mama Editha alikuwa akiuliza jina moja kila mara, Melania, na kila mara jibu lilikuwa bado.

Shida ya kamera ilianza na baba mmoja aliyekuja kutafuta mpiga picha wa harusi ya binti yake. Alizitazama picha nilizobandika ukutani, akazisifu, akauliza kama mashine yangu inachukua na video. Nikasema hapana. Alinishukuru kwa adabu akatoka, na wiki iliyofuata nikaona harusi yake ikipita barabarani, kijana aliyetoka Kigoma mjini akiwa amesimama nyuma ya pikapu anarekodi. Baada ya huyo wakaja wengine wenye swali hilohilo. Nikaanza kuichukia kamera niliyokuwa nikiipenda. Nilimpigia simu Mzee Athumani kumwambia tunaachwa nyuma, na mwisho wa mwezi nilipokwenda Kasulu nilimkuta ameshajiandaa kunikatalia. Alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kijinga. Video inamaliza betri, na umeme wa Kibondo ule niliujua mwenyewe. Video inataka kompyuta ya kuikatia, na mtu wa kukaa nayo. Zaidi ya yote, hatukuwa na uwezo wa kuwa na kamera mbili. Kuipata mpya ilikuwa lazima hii tuitoe kwa fundi wa Dar es Salaam aliyekuwa tayari kubadilishana nasi na kuongezewa, na Mzee alikuwa amelea watoto wake wote kwa kamera hii.

Nilimweleza habari za baba wa harusi, na za kijana wa Kigoma. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta kioo cha kaunta kilichokuwa kisafi tayari.

"Mwanangu," akasema, "usiniambie wateja wanataka nini. Wateja watataka hiki leo na kesho kile, hatutawafikia. Niambie wewe umekosa nini. Kitu ulichokiona kwa macho yako, ukapiga, na picha ikakataa kukichukua. Ukikipata hicho, njoo."

Niliondoka nimekasirika. Niliona kama ni ujanja wa mtu mzima wa kukataa bila kutamka. Sasa nimekaa katika kazi hii miaka mingi, nimeshabadilisha kamera mara kadhaa, na nyingine nilizibadilisha kwa sababu tu wenzangu walikuwa wamebadilisha. Hizo ndizo nilizojutia. Ndiyo maana nilipompigia simu Idrisa siku chache baada ya msiba sikuwa na cha kumwambia zaidi ya swali la baba yake, nikalirudia neno kwa neno. Alisema bado hajakiona kitu hicho. Nikamwambia basi amwambie mtu wa Mwanza asisubiri.

Melania alipatikana wakati wa mahindi mabichi. Jirani mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kwenye soko la pembeni mwa kambi, lile ambamo wakimbizi na wenyeji walikuwa wanaruhusiwa kukutana, alirudi na salamu zake. Mama Editha alisikia, akaendelea kupepeta unga mpaka akamaliza. Kisha akanisimulia, kwa mara ya kwanza, kwamba Melania ni dada yake mkubwa, wamezaliwa Nyabibuye, na aliolewa ng'ambo ya mpaka akiwa msichana. Vita ya zamani ilimleta Mtabila, akakaa kambini miaka mingi, na katika miaka hiyo Mama Editha alikuwa akienda Kasulu kumwona. Mtabila ilipofungwa, Melania alirudishwa kwao. Waliagana kando ya lori. Baadaye simu ikawa haipatikani. Sasa amekimbia tena, akiwa bibi kizee mwenye mjukuu mmoja wa kike. Mama Editha aliniomba nifuatane naye siku ya soko, na niende na kamera, ili awe na picha yao wawili.

Tulimwona Melania kwa mbali, mrefu, amejifunga kitenge kilichopauka, mjukuu wake yuko pembeni. Nilitegemea watakimbiliana. Hawakukimbiliana. Mama Editha alisimama, akaweka kapu chini, akanyoosha mikono na kumshika dada yake hapa juu ya viwiko, na yule naye akamshika vivyo hivyo. Wakaanza kuimba. Niliwahi kusikia wazee wakitaja salamu hiyo, akazehe, salamu ya wanawake waliopotezana muda mrefu, lakini sikuwa nimeiona. Mmoja anaongoza, anaimba kwa haraka, habari zote zinamwagika: umepita njia gani, umelima nini, nani amezaliwa, nani hayupo. Mwingine anadakia, ego, ego, yaani ndiyo, ndiyo, sauti yake ikiingia pale ya kwanza inapovuta pumzi, mpaka husikii kama ni watu wawili. Wauza ndizi walinyamaza. Mwanaume mmoja aliyekuwa akipima maharage aliacha kopo hewani. Walikuwa wakitajiana wafu wao kwa wimbo, na nyuso zao zilikuwa zimetulia kabisa. Mimi nilipiga picha. Nilisogea, nikapiga tena, nikapata mwanga mzuri wa saa nne asubuhi na nyuso zote mbili.

Nilipozisafisha zile picha sikuamini. Hazikuwa na kosa. Zilikuwa kali, rangi imekaa, mikono imeshikana vizuri. Lakini zilionyesha wanawake wawili wazee wamekamatana mikono, midomo wazi, wanapigiana kelele sokoni. Niliiweka iliyo bora kuliko zote kwenye bahasha, nikaenda nayo Kasulu kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee Athumani aliipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Wanagombana?" akauliza.

"Wanasalimiana," nikasema.

Aliitazama tena kwa muda mrefu. Akaniuliza wanasalimianaje, nami nikajaribu kumwonyesha, nikaimba maneno mawili matatu niliyoyashika, nikakwama, nikaona aibu. Hakucheka. Aliirudisha picha kwenye bahasha, akamwita Bi Zuhura kutoka ndani, akamwambia amletee sanduku la kamera, lile la asili, lenye karatasi zake. Tuliifunga pamoja siku hiyohiyo. Alipofika kwenye kuvua mkanda wa shingoni, uliokuwa umeng'aa kwa jasho lake na langu, aliniachia mimi nimalizie, akaenda kumhudumia mteja.

Kamera mpya ilikuwa nyepesi mno mkononi, na kwa wiki kadhaa nilijuta. Nilirekodi kipaimara chote bila sauti. Harusi ya kwanza betri ilikatika baba mkwe akiwa katikati ya nasaha zake, ikabidi nimwombe aanze upya, na akaanza upya, lakini machozi hayakurudi. Kidogo kidogo tukazoeana. Nilipoona naiweza, nilimfuata Mama Editha jikoni nikamwomba twende Nduta siku ya soko, niwarekodi na dada yake. Alicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Tulikwenda. Melania naye nilipomweleza alicheka vilevile, wakaonekana wamefanana ghafla.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, "mtu huyu nimemwona wiki iliyopita. Nitamsalimia habari gani? Mpaka tupotezane kwanza."

Nikawaomba waigize tu. Hawakukasirika, walinieleza kwa upole kama mtu anavyomweleza mgeni wa kabila lingine, kwamba haiwezekani, haina cha kusema. Nikapiga video ya wao wakila karanga. Ninayo mpaka leo. Wanazungumzia bei ya sabuni.

Mama Editha alianguka jikoni asubuhi moja, masika ilipokuwa imeanza. Nilisikia sufuria ikigonga sakafu nikadhani ni paka. Nilipofika alikuwa amelala ubavu karibu na mafiga, moto unawaka, macho yamefunguka lakini hanijui. Presha, walisema hospitali. Hakuamka. Editha alifika kutoka Kahama mama yake akiwa ameshapelekwa mochwari, akalala katika chumba changu kwa sababu hakuweza kuingia cha mama yake. Aliniomba nipige picha za mazishi. Nilikuwa nimeshapiga mazishi mengi, lakini ya mtu niliyekula naye chungu kimoja sikuwahi. Majirani walizungumza nje ya ukuta wangu, wakipanga nani aende kambini, na kama Melania atapewa kibali cha kutoka. Wengine walisema hatapewa. Alipewa cha siku moja.

Alifika jeneza likiwa sebuleni, kwenye meza mbili zilizounganishwa, kifuniko kimeondolewa ili watu waage. Chumba kilijaa wanawake waliokaa chini. Melania aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, akamwachia, akasogea peke yake. Sisi tulijua kilio kitaanza, na wanawake walikuwa wameshajiandaa kukipokea. Lakini alisimama wima. Aliweka mikono yake juu ya mikono ya dada yake, hapa juu ya viwiko, kama walivyofanya sokoni. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho. Nilikuwa kwenye kona karibu na dirisha, kamera kifuani, sijaigusa.

"Leokadia," akasema, "ulikuwa unaitaka. Haya."

Niliegemeza kamera kwenye kizingiti cha dirisha. Akaanza. Alimuuliza dada yake amepita njia gani. Alimweleza kibali, mvua, matope ya barabara ya Nduta. Na kila alipofika mahali pa kupokewa, alinyamaza. Alimwachia nafasi yake yote, urefu uleule ambao ningeuhesabu kwa pumzi, akisubiri, halafu akaendelea. Mle chumbani walikuwamo wanawake wazee walioijua salamu ile, niliwaona midomo yao ikitaka kufunguka. Hakuna aliyeingilia. Mvua ilikuwa inapiga bati kidogo. Editha alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nilirekodi mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu nishike kazi ile sikuona kama naiba kitu cha mtu.

Niliipeleka Kasulu kama ilivyo. Mzee Athumani aliitazama amesimama nyuma ya kaunta, wateja wawili wakisubiri paspoti zao. Ilipofika kwenye kimya cha kwanza aliinama, akaongeza sauti, akaniuliza kama kinasa sauti kimeharibika. Nikamwambia hakijaharibika, asubiri. Cha pili kilipofika alielewa. Aliondoa mkono kwenye kitufe. Mmoja wa wale wateja alikuja akasimama nasi, akavua kofia, ingawa hakumjua marehemu wala hakuelewa Kirundi. Ilipokwisha Mzee alikaa kwenye kiti. Hakuzungumzia kamera. Alisema tu kwamba nitakapowatengenezea wafiwa, nisizikate zile sehemu za kimya. Nimefanya kazi hii miaka yote hii, nimefundisha vijana wengi kukata na kuunganisha, na sijapata kusikia neno la kazi kubwa kuliko hilo. Labda hapo ndipo alipoona nimemshinda. Mimi nilihisi kinyume chake.

Siku ya soko iliyofuata nilimpelekea Melania. Tulikaa nyuma ya kibanda cha muuza vitenge, yeye, mjukuu wake na mimi, nikaifungua kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Alikishika kwa mikono miwili akakileta karibu na uso. Alijisikiliza akianza. Kimya cha kwanza kilipofika, bila kuondoa macho kwenye kioo, alichelewa pumzi moja, kisha akaimba ego. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba zaidi, ya puani kidogo, na niliitambua, maana nilikuwa nimeisikia kila jioni ikiniita nije kula. Sauti ya kwenye kamera ikaendelea kuuliza, naye akaendelea kujibu. Alijibu habari za mashamba, za Editha, za nyumba, na mwisho wa kila jibu alingoja aulizwe tena, na aliulizwa. Mimi nilikuwa na simu mfukoni ambayo ingeweza kurekodi. Haikunijia hata kuigusa.

Walipomaliza, mjukuu wake alimuuliza kwa Kirundi kwa nini alikuwa anachelewa kujibu, maana yeye alifundishwa kwamba anayepokea huingia mwenzake kabla hajamaliza neno. Melania alinirudishia kamera, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mimi sichelewi," akamwambia. "Huyo dada yangu ndiye aliyekuwa anachelewa. Tangu tuko wadogo, mama alimpiga, akamwimbisha tena na tena, na hakuacha kuchelewa."